Mtaalamu wa Kigeni na Mrithi Wake

Kata ya Chole Samvula, kwa kifupi Chole, imo katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Isichanganywe na kisiwa cha Chole kilichoko Mafia, ambacho nacho kimo katika mkoa huo huo. Chole ya Kisarawe ni nchi ya mihogo na mikorosho, na mgeni apitaye huko hatarajii kukutana na somo la teknolojia. Hata hivyo, mwanafunzi wa Chole akitwaa ramani na kuchora duara kubwa lenye kitovu katika kata yake, ataona kwamba ndani ya duara hilo mna kazi kubwa nne ambazo zote zilianzishwa kwa msaada wa mikono ya wageni.

Katika wilaya yake mwenyewe, kupitia Mzenga, imelala reli ya TAZARA iliyojengwa pamoja na Wachina. Upande wa kaskazini, katika Wilaya ya Kibaha, treni za umeme hupita Soga na Ruvu juu ya reli mpya ya kisasa, ambayo kipande chake cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilijengwa na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Kibaha kwenyewe kuna Shirika la Elimu lililoasisiwa na nchi za Ulaya ya Kaskazini. Na upande wa kusini-magharibi, juu ya mto Rufiji, limesimama Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric.

Kila mgeni aliyefanya kazi katika miradi hiyo aliingia nchini kwa ruhusa maalumu. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa sehemu ya mapatano baina ya serikali na serikali. Siku hizi ni kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, kila kimoja na ofisi yake. Swali linaloulizwa vijiweni, bungeni na madarasani ni moja: je, mgeni mwenye ujuzi akipewa kibali, kijana wa nchini anapoteza kazi, au anapata kazi ambayo isingalikuwapo?

Swali hili hujibiwa mara nyingi kwa hasira au kwa siasa. Lakini ni swali linaloweza kuchunguzwa kwa njia ya kisayansi, kama vile mwanafunzi anavyochunguza kani au mwendo, mradi kwanza akubali kwamba jibu laweza kubadilika kadiri hali zinavyobadilika.

Sinia la wali

Fikra iliyo nyepesi kuliko zote ni kuzichukulia kazi za nchi kama sinia la wali. Watu watano wamelizunguka. Akija wa sita, tonge la kila mmoja hupungua. Kama kazi zingekuwa sinia, hesabu ingekuwa ni kutoa tu: vibali 1,000 ni ajira 1,000 zilizopotea.

Kasoro ya mfano huu ni kwamba haumtaji mpishi. Wali haukushuka kutoka mbinguni. Kuna aliyeupika, na yawezekana kwamba huyo wa sita ndiye aliyekuja na moto. Kwa hiyo lazima kwanza ijulikane mgeni amekuja kufanya nini penye sinia.

Ichukuliwe karakana ya mfano, isiyo ya mahali popote. Mradi unahitaji mtaalamu mmoja wa mitambo ya ishara za reli, na nchini hayupo hata mmoja. Pasipo mtaalamu huyo, mafundi sanifu 12 na vibarua 60 hawawezi kuajiriwa, kwa sababu hakuna kazi ya kufanya. Akiingia, ajira 72 za wenyeji huzaliwa. Hapa ujuzi wake unakamilisha ujuzi wa wengine, kama ufunguo unavyokamilisha kufuli.

Sasa ichukuliwe kwamba mtaalamu wa aina hiyo yupo nchini, amesoma, ameandikishwa, naye anatafuta kazi. Mgeni akiletwa badala yake, hakuna kilichozaliwa. Mwenyeji mmoja amekosa kazi. Hapa ujuzi wa mgeni unachukua nafasi ya ujuzi wa mwenyeji.

Hali ya tatu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Miaka 10 imepita. Mgeni wa hali ya kwanza angali yupo, na wasaidizi wake watatu wamekwisha kujua kazi yote. Mtu ni yule yule, kibali ni kile kile, kazi ni ile ile. Lakini alama ya hesabu imegeuka, kutoka kujumlisha ikawa kutoa. Yeyote anayesema kwamba wageni huleta ajira, au kwamba wageni hupokonya ajira, bila kutaja mwaka na bila kutaja nani amesimama kando ya mgeni, amesema nusu ya jambo.

Kutoka wahandisi wawili

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na nafasi ya kubishana sana. Hesabu ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuitaja ni kwamba nchi nzima ilikuwa na wahandisi wenyeji wawili na madaktari 12. Katika hali kama hiyo karibu kila mtaalamu aliyeingia alikuwa wa hali ya kwanza: alikamilisha, hakupokonya, kwa kuwa hapakuwapo wa kupokonywa.

Kituo cha Kibaha kilianza katika mazingira hayo mwaka 1963, kwa mapatano na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Kilikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya pale Tumbi na mafunzo ya wakulima. Jambo la kuangaliwa zaidi ya majengo yake ni tarehe ya kuondoka. Januari 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa shirika la umma. Wageni walikuja wakijua kwamba wataondoka, na wenyeji walipokea wakijua kwamba watabaki na funguo. Baada ya miaka mitatu hivi, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na nchi ikaanza kuwafundisha wahandisi wake nyumbani.

Reli iliyopita Kisarawe

TAZARA ndiyo maabara kubwa kuliko zote za jambo hili katika Afrika ya Mashariki. Mapatano ya China, Tanzania na Zambia yalitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, ambazo kilomita 975 kati yake zimo Tanzania.

Wachina waliofanya kazi kwa wakati mmoja, ujenzi ulipopamba moto, walizidi 10,000, na wenyeji wa Tanzania na Zambia walikuwa wengi kuliko wao mara kadhaa. Kwa kipimo cha sinia, mtu angeweza kusema kwamba nafasi zaidi ya 10,000 zilichukuliwa. Lakini benki na nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuigharimia reli hiyo, kwa hoja kwamba haina faida. Pasipo Wachina pasingekuwapo tuta, wala taruma, wala kibarua wa kulipwa kwa kuzibeba. Maelfu ya vijana waliotoka vijijini wakiwa na jembe tu walirudi wakijua kuchomelea, kuendesha tingatinga, kumwaga zege na kusoma kipimo cha usawa. Wengi walijifunza kwa kuangalia, kwani lugha ya mwalimu na ya mwanafunzi hazikukutana. Mchina alifanya kwanza, mwenyeji akafuata.

Njia hiyo ya kufundisha ina nguvu yake na ina udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba mkono hujifunza haraka. Fundi aliyeinua taruma 500 hahitaji kitabu cha kumweleza uzito wake. Udhaifu wake ni kwamba kuna ujuzi ambao hauonekani kwa macho: kwa nini daraja limepewa nguzo nne na si tatu, gharama ya tani kwa kilomita hukokotolewaje, ghala la vipuri lijazwe lini kabla vipuri havijaisha. Huo hukaa katika vichwa na katika mafaili. Wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kuanzia mwaka 1972 kusomea kazi za reli. Ni idadi ya kuheshimiwa kwa wakati ule. Lakini ikigawanywa kwa kilomita 1,860, ni mtu mmoja kwa kila kilomita tisa hivi, kwa kazi zote kuanzia injini hadi uhasibu.

Matokeo yalionekana mapema. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikulifikia lengo hilo. Sababu zilikuwa nyingi, na haingekuwa haki kuutupia ujuzi lawama zote: palikuwa na mafuriko, upungufu wa mabehewa, msongamano bandarini na vita vya kusini mwa Afrika. Lakini sababu moja ni somo zuri la fizikia. Injini za kwanza zilikuwa za dizeli zenye gia za haidroliki, ambamo nguvu ya injini hufikishwa kwenye magurudumu kwa msukumo wa mafuta. Katika miinuko mikali baina ya Mlimba na Makambako injini hizo zilisumbua mno. Katika miaka ya 1980 zililetwa injini za dizeli-umeme kutoka Ujerumani Magharibi, ambamo dizeli huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta huzungusha mota za magurudumu. Fundi aliyejifunza kwa miaka kadhaa kusikiliza mlio wa gia ya mafuta alitakiwa sasa kupima mkondo na volteji. Ujuzi haukupotea, lakini ulikuwa umefungwa kwenye mashine, na mashine ilipobadilika ikabidi kuanza tena karibu na mwanzo. Mwaka 1983 wataalamu wa China walipewa tena nafasi kubwa zaidi ya kusaidia katika uongozi wa reli. Miongo minne baadaye, mwaka 2024, nchi tatu zilitia sahihi hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo hiyo, na mwaka 2025 mkataba ukafungwa na kampuni ya CCECC ya China. Mzenga itawaona tena mafundi wa kigeni.

Mafundi wakiondoka kwa siku 90

Sayansi hupenda kujua pia kinyume cha jaribio: mwenye ujuzi akiondolewa ghafla, je, nafasi yake hujazwa? Jaribio hilo lilifanyika Uganda, ingawa hakuna aliyelikusudia kuwa jaribio. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na wakapewa siku 90. Wengine kati yao walikuwa na pasipoti za Uingereza, wengine walikuwa raia wa Uganda. Dhuluma iliyokuwamo katika amri hiyo inajulikana, nayo yatosha kuihukumu. Lakini kuna na matokeo ya kiufundi yasiyosemwa sana. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilibaki na miwa shambani, mitambo kiwandani na wafanyakazi wengi wenye bidii. Waliokosekana ni wachache waliojua kuutunza mtambo mzima na kuagiza vipuri vyake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uzalishaji wa sukari ulikuwa karibu kufa kabisa, na wakata miwa wenyeji, ambao hakuna aliyewafukuza, nao wakakosa kazi. Mashamba hayo yalirudishiwa wenyewe katika miaka ya 1980.

Ni wazi basi kwamba nafasi iliyoachwa wazi na siyo na mrithi haiwi kazi ya mwenyeji. Inabaki kuwa nafasi tu.

Jinsi wengine walivyopima

Nchi iliyochunguzwa kuliko zote katika jambo hili ni Marekani. Sheria ya mwaka 1990 iliweka viza iitwayo H-1B kwa wageni wenye taaluma, hasa wahandisi na waandishi wa programu za kompyuta. Kikomo chake kilikuwa viza 65,000 kwa mwaka. Kikapandishwa hadi 195,000 kwa miaka ya 2001 hadi 2003. Kikarudi 65,000 mwaka 2004, na baadaye zikaongezwa 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Maombi yanapozidi kikomo, viza hugawiwa kwa kura.

Kura ni zawadi kwa mtafiti. Kampuni mbili zinazofanana huomba. Moja inapata, nyingine inakosa, kwa bahati tu. Tofauti itakayojitokeza baadaye haiwezi kusingiziwa ukubwa wa kampuni wala werevu wa meneja wake. Watafiti Doran, Gelber na Isen walizitumia kura za miaka ya bajeti 2006 na 2007 kwa namna hiyo, wakaona kwamba kampuni iliyopata mgeni mmoja zaidi haikuongeza jumla ya wafanyakazi wake kwa kiasi cha kutajika; kwa sehemu, mgeni alichukua nafasi ya mtu mwingine. Lakini Peri, Shih na Sparber, waliolinganisha miji 219 kati ya mwaka 1990 na 2010, waliona kinyume: miji iliyopokea wanasayansi na wahandisi wengi wa kigeni ndiyo ambamo mishahara ya wenyeji wenye elimu ya juu ilipanda zaidi.

Msomaji na asikimbilie kusema kwamba mmoja wao amekosea. Wa kwanza walipima ndani ya ukuta wa kampuni moja; wa pili walipima mji mzima, ambamo wazo lililozaliwa katika kampuni moja huweza kulisha kampuni ya jirani. Ni kama kupima mvua kwa kikombe na kuipima kwa bwawa. Uchunguzi wa tatu, wa Bound, Khanna na Morales, uliihesabu faida na hasara kwa pamoja kwa miaka ya 1994 hadi 2001. Walikadiria kwamba pasipo wageni, mishahara ya wataalamu wa kompyuta wa Marekani ingekuwa juu kwa asilimia 2.6 hadi 5.1, na ajira zao zingezidi kwa asilimia 6.1 hadi 10.8; lakini bidhaa za kompyuta zingekuwa chache na ghali zaidi kwa kila mnunuzi. Mwenye kushindana na mgeni uso kwa uso hupoteza. Wengine wengi hupata kidogo kidogo. Hasara humwangukia mtu mwenye jina, faida humwagika juu ya umati usioitambua. Labda ndiyo maana hasara husikika zaidi. Mjadala huo haujaisha: Septemba 2025 Rais wa Marekani aliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo.

Matokeo ya Marekani hayafai kuhamishiwa Pwani kama yalivyo. Kule mgeni huja mahali ambapo wataalamu wa kompyuta wenyeji ni mamia ya maelfu. Katika Tanzania swali la kwanza kwa kazi nyingi ni kama mshindani wa mgeni amekwisha kuzaliwa kitaaluma.

Hesabu ya miaka tisa

Sheria ya Tanzania ya kuratibu ajira za wageni, iliyopitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo, inaonyesha kwamba waliotunga waliliona swali hilo. Kamishna wa Kazi hapaswi kutoa kibali mpaka aridhike kwamba mwajiri amemtafuta mwenyeji na kumkosa. Mwajiri naye lazima aandae mpango wa urithishaji, unaoeleza jinsi ujuzi wa mgeni utakavyoingia kwa raia. Sheria ilipopitishwa iliweka kibali kuwa cha miezi 24, chenye kuweza kuhuishwa, na jumla isizidi miaka mitano kwa mwajiriwa wa kawaida.

Kwa kazi ambazo wenyeji wanazijua tayari, serikali imechukua njia nyingine. Amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwa ni pamoja na ufundi wa simu za mkononi na vifaa vya elektroniki. Kwa mizani ya karakana ya mfano, hiyo ni hali ya pili: mafundi simu wenyeji wamejaa kila mtaa, na mgeni hakamilishi kitu. Lakini amri ya namna hiyo haiwezi kumzalisha mtaalamu wa ishara za reli.

Hapa mwalimu anaweza kuandika hesabu ubaoni. Kijana wa Kisarawe aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2015, mwaka wa sheria hiyo, alihitaji miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, miaka minne ya shahada ya uhandisi, na miaka mitatu ya mafunzo ya kazini chini ya mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanzishwa mwaka 2003. Mbili, nne na tatu ni tisa. Ukiongezwa na muda wa kungoja matokeo na kufunguliwa kwa vyuo, angekuwa mhandisi kamili karibu mwaka 2025.

Sasa kando ya hesabu hiyo iwekwe nyingine. Mkataba wa bwawa la Rufiji ulitiwa sahihi Desemba 2018. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na wa tisa ulikuwa umekamilika Aprili 2025. Reli ya umeme ilizinduliwa kijenzi Aprili 2017, na abiria wa kwanza wa Morogoro walipanda Juni 2024. Kijana yule alipokuwa tayari kushika spana kwa sahihi yake mwenyewe, wageni walikuwa wanafunga masanduku.

Kikomo cha miaka mitano ni kifupi kuliko miaka tisa. Hata kikiongezwa miaka michache, bado. Maana yake si kwamba wageni wapewe vibali vya milele. Maana yake ni kwamba mrithi hawezi kuanza kutafutwa siku ambayo mgeni anashuka uwanja wa ndege. Mpango wa urithishaji unaoandikwa siku hiyo, ukitaja jina la mtu asiyekuwapo, ni karatasi iliyotimiza sharti tu. Mrithi lazima awe amekwisha kusomeshwa kabla mradi haujatangazwa, na jambo hilo haliamuliwi katika ofisi ya vibali.

Njia ya fundi sanifu ni fupi zaidi: stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Huyo huweza kuingia kazini mgeni angali yupo. Kwa hiyo katika miradi mingi urithi wa kwanza na wa haraka hupitia kwa fundi sanifu, wala si kwa mhandisi, ingawa wazazi wengi hupenda kusikia neno mhandisi.

Mitambo tisa, madarasa tisa

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa inayofanana, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kwa mwenye jicho la ualimu, mitambo tisa inayofanana ni somo lile lile linalorudiwa mara tisa. Katika mtambo wa kwanza mwenyeji angeweza kutazama; wa pili na wa tatu, kushika zana; wa nne hadi wa sita, kufanya huku mgeni akitazama; na katika ile mitatu ya mwisho mgeni akae kivulini na kuitwa akihitajika. Ni bahati isiyotokea mara kwa mara. Daraja hujengwa mara moja, na aliyekosa kulitazama amelikosa.

Yafaa pia kutenganisha kazi ya kujenga na kazi ya kuendesha. Kujenga huajiri wengi kwa miaka michache: zege humwagwa, nondo hufungwa, kisha kambi huvunjwa. Kuendesha huajiri wachache kwa miaka 50 au zaidi. Katika chumba cha kuongozea mitambo, au katika treni inayotumia umeme wa kilovolti 25 na kukimbia kilomita 160 kwa saa, nafasi ni chache lakini hazikomi. Anayehesabu vibarua tu siku ya uzinduzi hupata takwimu ya kufurahisha isiyodumu. Anayetaka kujua kama mradi umeacha ajira ya teknolojia na arudi baada ya miaka 10, aulize ni nani anayeitwa usiku kengele ya hatari inapolia, na anatokea wapi.

TAZARA iliyo Mzenga imetoa mfano mmoja mdogo wa jinsi urithi unavyozaa. Shehena za ujenzi wa bwawa zilihitaji kufika porini, na kituo cha Fuga cha reli hiyo kikatumika kuzipokea kabla hazijaingia barabarani kuelekea mtoni. Reli iliyojengwa na wageni wa miaka ya 1970, ikiendeshwa na wenyeji, ilibeba mzigo wa wageni wa miaka ya 2020.

Mwalimu aliye katika orodha

Kuna kipengele kimoja katika utaratibu wa vibali ambacho walimu wachache wamekisoma. Vibali vimegawanywa katika madaraja. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la taaluma zilizotajwa kuwa adimu, na daraja C ni la kazi nyinginezo. Katika daraja B, pamoja na wataalamu wa tiba na wa mafuta na gesi, wametajwa walimu wa sayansi na hisabati.

Yaani nchi imekiri kwa maandishi kwamba mwalimu wa fizikia ni adimu kama mtaalamu wa gesi. Mlolongo mzima unaanzia hapo. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia haitoi mwanafunzi wa kidato cha tano wa mchepuo wa sayansi; pasipo huyo hakuna mhandisi wa mwaka wa tisa; pasipo mhandisi huyo, Kamishna hawezi kumnyima mgeni kibali kwa haki, kwa kuwa mwajiri ametafuta na kweli amekosa. Upungufu unaoonekana katika mtambo mwaka huu ulizaliwa darasani miaka tisa iliyopita, pengine katika shule ambayo kipindi cha nne cha Jumatano kilipita bila mwalimu.

Zoezi

Wanafunzi wachague mradi mmoja ulio karibu na shule yao: kisima chenye pampu ya jua, mnara wa simu, mashine ya kukamua alizeti, kituo cha reli. Waulize ni nani aliyeufunga, ni nani anayeutengeneza ukiharibika sasa, na huyo wa pili alijifunza kwa nani na kwa muda gani. Majibu yaandikwe katika jedwali lenye miaka, si majina ya watu.

Kisha wakokotoe: ikiwa mradi mpya utaanza baada ya miaka sita na utahitaji wahandisi watano na mafundi sanifu 20 wa umeme, ni katika kidato gani leo wanapatikana watakaokuwa tayari siku ya kwanza, na ni nafasi zipi ambazo kwa vyovyote itabidi zijazwe kwa kibali? Wanafunzi wa kidato cha nne watakaofanya hesabu hii wataona kwamba jibu la sehemu ya kwanza halilingani kwa mhandisi na kwa fundi sanifu. Waeleze kwa nini, na mwalimu awaache wabishane kabla ya kusahihisha.